Msimu wa Utitiri

Jumanne, 5 Februari

Naunganisha miche ya avokado kitaluni tangu asubuhi. Nakata shina, napasua, nachomeka kikonyo, nafunga utepe. Nimejikata kidole gumba tena palepale pa juzi. Kisu ni butu. Mume wangu Nyaga ndiye hunoa visu, na leo hakuwepo. Alikwenda Runyenjes kutafuta mchanga. Amerudi bila mchanga, mguu umemvimba, hataki kuulizwa.

Jua halijapumzika tangu Krismasi. Kijito cha huku chini kimebaki vidimbwi. Nachota maji na kupanda nayo mlima, kichwani, kama msichana.

Dada yangu Karimi amepiga simu kutoka Kaaga. Kikundi chake cha wamama wa kanisa bado wanataka miche yote: avokado, makadamia, pasheni. Mvua ikianza tu wanakuja na lori. Wanaitaka kwa sababu haijaguswa na dawa. Amewaambia mimi hata sabuni napima kwa kijiko. Wamecheka. Nimefurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Ijumaa, 8 Februari

Majani ya pasheni yana vidoa vyeupe, kama yamedungwa sindano. Nimegeuza jani. Utando mwembamba, na vidudu vyekundu vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinatembea.

Utitiri. Unapenda ukame kama huu.

Nimekata majani yaliyoshikwa na kuyachoma nyuma ya jikoni. Nyaga amesimama akinitazama. Najua alichotaka kusema.

Alhamisi, 14 Februari

Maji ya sabuni. Maji ya pilipili na vitunguu saumu. Mwarobaini niliopata kwa mama mmoja wa Mbeere sokoni. Nainama chini ya kila mche kupulizia jani kutoka chini, maana juu hakusaidii. Mgongo unaniambia umri wangu.

Utitiri unapungua siku moja, siku ya pili umerudi.

Nyaga amesema twende agroveti tukanunue dawa ya wadudu. Nimesema hapana. Amesema kila mtu hapa Kanja anapiga dawa na hakuna aliyekufa. Nimesema hapana tena, nikaingia ndani.

Anajua sababu. Kabla hatujaoana nilifanya kazi shamba la maua upande wa Timau. Walikuwa wanapulizia asubuhi, sisi tunaingia kukata kabla hapajakauka. Tulikuwa wasichana wengi. Mimba yangu ya kwanza, ya Nyaga, ilitoka nikiwa nimeshika shada la waridi. Msimamizi akaniambia nikanawe nirudi. Sijawahi kuthibitisha kwamba ni dawa. Sihitaji mtu anithibitishie.

Wanja alizaliwa miaka miwili baada ya mimi kuacha kazi ile. Baada yake hatukupata mwingine.

Jumatano, 20 Februari

Utitiri umeingia kwenye avokado. Majani yamekuwa rangi ya shaba.

Nyaga amesema, "Wewe unaombea wadudu, Mama Wanja." Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Zamani alikuwa dereva wa miraa. Anapakia mjini Maua alasiri, na soko la Nairobi linaamka akiwa ameshafika. Watu walikuwa wanamjua kwa mwendo. Gari lilipopinduka alilazwa miezi mingi, na mguu haukurudi ulivyokuwa. Tukaja hapa kwa shamba la baba yake. Mimi nikaanzisha kitalu. Yeye akawa mtu wa kunisaidia. Hilo neno halimkai vizuri, la kusaidia. Yeye ni mtu wa kufika. Hajui kukaa na kitu kinachokwenda polepole.

Jumatano, 27 Februari

Mama ameanguka bafuni kwake Kaaga. Nyonga. Karimi yuko peke yake na anafundisha, shule haijafunga. Lazima niende.

Nimemwonyesha Nyaga kila kitu mara mbili. Sabuni kiasi hiki. Mwarobaini baada ya jua kushuka. Mzinga wa nyuki usisogezwe. Amesema nenda, mimi si mtoto.

Jumamosi, 2 Machi

Kaaga. Mama analala sana. Akiamka ananiita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa.

Wamama wa kikundi wamekuja kuniona. Mmoja amenipeleka kwake nione mashimo. Wameshayachimba, wote, nyumba kwa nyumba, na samadi imo ndani inangoja. Ameniambia mwanawe ana kifua na ndiyo maana hataki dawa karibu na nyumba. Nimemwambia miche ni mizuri. Ndani yangu naona majani ya shaba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi. Sikuamini macho.

Miche ni kijani. Nimegeuza jani baada ya jani, hakuna kinachotembea. Pasheni zimetoa vikonyo vipya. Nyaga alikuwa amesimama mlango wa kitalu kama mtu aliyeleta zawadi. Amesema aliongeza mwarobaini na akawa anaamka mapema. Nimemwambia asante, kwa kweli kutoka moyoni. Nimempikia kuku. Tumekula tukicheka habari za mama na shangazi. Ni muda mrefu hatujacheka hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Nyuki.

Wamelala chini ya mzinga, tabaka kwa tabaka, kama majani ya chai yaliyomwagwa. Wachache bado wanazunguka kwa miguu, hawaruki.

Nimekaa pale chini muda mrefu. Najua ni nini. Nataka kuwa nimekosea.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Nyaga alikwenda. Nimetafuta. Bomba la kupulizia la mgongoni, lile la kaka yake Njeru, lilikuwa nyuma ya mabati, limefunikwa gunia. Limepasuka kwenye mshono, linavuja. Koti la kazi la Nyaga lilikuwa chini yake, gumu mgongoni, linanuka. Harufu ya Timau. Tumbo langu liliijua kabla ya pua.

Aliporudi nilikuwa nimeweka bomba mezani, katikati, mahali pa chakula.

Hakukana. Amesema, "Nilitaka ukirudi upate raha. Umekonda. Unaongea na majani."

Nimemuuliza kama anajua anachonifanyia. Amesema miche ingekufa yote na wamama wa Kaaga wangetafuta kwingine. Amesema hakuna atakayejua. Hapo ndipo nilipomchukia. Akiwa amevaa shati lake la kanisani, na kitabu cha nyimbo mkononi.

Jumatano, 13 Machi

Hatuongei. Chai namwekea, anakunywa.

Sijampigia Karimi. Kila siku nasema leo. Mashimo nayaona nikifumba macho.

Jumatatu, 18 Machi

Utitiri umerudi. Na zaidi ya mwanzo. Ile sumu iliua utitiri, lakini iliua pia vidudu vilivyokuwa vinaula. Sasa hauna adui. Utando umefunga mche na mche mwenzake.

Mvua hakuna. Mawingu yanakuja hadi mlimani yanageuka.

Nyaga amesema lazima apige mara ya pili, iliyo kali, kisha itaisha. Nimesema akigusa mche mmoja nitaondoka.

Jumanne, 19 Machi

Nimemkuta agroveti. Si kumkuta, watu wameniambia. Amenunua tena. Nimemngojea njiani.

Nimesema maneno. Nayaandika hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu kichwani nimeshaanza kuyapunguza makali. Nimemwambia: "Kitalu ni changu. Wewe hujajenga kitu tangu uache usukani. Sitaki kukuona humo tena." Watu wawili walikuwa wanapita na ng'ombe. Walisikia.

Aligeuka akaenda kwa Njeru. Hajarudi kulala.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika benchi la hospitali, Embu.

Jana niliondoka mapema kumtafuta ofisa wa kilimo. Nilimpata, hakuwa na la maana. Nilirudi jua likiwa kichwani. Nyaga alikuwa amelala kati ya safu za miche, kifudifudi. Mate yanamtoka kama povu. Nguo zimelowa. Macho wazi, mboni zimekuwa kama ncha ya kalamu. Nyama za mwili zilikuwa zinacheza zenyewe chini ya ngozi. Bomba liko pembeni. Chupa iko pembeni. Chupa tupu.

Nilimvuta kwa mikono. Nilimweka kwenye wilibaro, miguu ikiburuta. Nilipiga kelele hadi Njeru akasikia upande wake, akaleta pikapu ya jirani.

Daktari wa kwanza aliuliza, "Alikunywa saa ngapi?"

Sikuelewa. Akauliza tena. Nilisema alikuwa anapulizia. Akaandika. Njeru alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Andika amekunywa. Alikuja kwangu usiku analia. Mwanamume hawezi kufukuzwa kwa shamba la baba yake na mke."

Daktari akaandika tena.

Ijumaa, 22 Machi

Mahututi. Mashine inampumulia. Wanamdunga sindano, wanangoja, wanadunga tena. Nesi ameniambia mate yakikauka ni dalili njema. Natazama mdomo wake.

Wanja amefika kutoka Maua anakofundisha. Amenikumbatia kisha akaniuliza kama ni kweli tuligombana. Nimesema ni kweli. Mikono yake imelegea mgongoni mwangu. Labda nimewaza tu.

Jumamosi, 23 Machi

Njeru ameleta watu wa ukoo. Wamekaa upande wao wa benchi, mimi na Wanja upande wetu. Hakuna aliyenitukana. Mama mkwe ameniangalia, akavuta shuka lake juu ya mabega, akageuka. Afadhali angenitukana.

Mzee wa kanisa ameomba. Ameomba Mungu amsamehe Nyaga. Alirudia mara mbili. Amsamehe nini? Wote waliitikia amina. Na mimi niliitikia. Nimechoka.

Daktari mwingine, kijana, ameniita kando. Amesema dawa hizi hupita hata kwa ngozi, na mgongo wa Nyaga umebabuka kutoka bega hadi kiunoni. Nimemuuliza kama basi hakunywa. Amesema hawezi kuniambia hakunywa. Anaweza tu kuniambia kuhusu mgongo.

Jumapili, 24 Machi

Nimerudi Kanja kubadilisha nguo na kulisha ng'ombe. Nilikwenda kitaluni kwanza, kabla ya ng'ombe.

Nimetembea safu kwa safu. Pasheni zina madoa meupe ya dawa iliyokauka. Avokado pia, karibu zote. Makadamia hazina kitu. Na pale safu ya makadamia inapoanza ndipo udongo umevurugwa, alipoangukia.

Kwa hiyo alikuwa kazini. Alianza upande wa juu, akashuka, akafika hapo.

Lakini chupa tupu. Mtu hamalizi chupa nzima kwa bomba moja. Na mtu anaweza kufanya kazi nusu, akakaa chini, akafikiria maneno aliyoambiwa njiani mbele ya watu.

Nimekaa kati ya miche hadi ng'ombe wakaanza kulia.

Jumanne, 26 Machi

Askari amekuja kuuliza maswali. Ana adabu. Ameuliza kama mgonjwa alikuwa na huzuni. Ni swali gani hilo. Nimesema alikuwa na hasira. Ameuliza na nani. Nimesema na mimi.

Usiku wa leo Wanja anakaa naye. Mimi niko kwa rafiki hapa mjini. Nimejaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimwambia Nyaga neno zuri. Ni ile siku ya kuku. Na hilo lilitokana na uongo.

Alhamisi, 28 Machi

Karimi amekuja, mama amemwachia jirani. Ameleta uji kwa chupa. Nilimwambia yote kabla hajakaa: dawa, nyuki, mara ya kwanza nikiwa kwao, mara ya pili. Na kwamba nilijua siku nyingi bila kumpigia.

Akamimina uji. Akaninywesha kama mgonjwa. Kisha akasema, "Sasa mimi nitawaambia nini hao wamama, Kagendo?"

Nimesema awaambie ukweli. Amesema bila shaka. Amesema kwa sauti ya mtu aliyefunga mlango polepole ili usipige kelele.

Jumapili, 31 Machi

Wametoa mpira wa kupumulia. Amefungua macho. Amemjua Wanja. Amenijua mimi, akafunga macho tena.

Hawezi kuongea bado. Koo.

Nilipaswa kufurahi. Nimeogopa. Sasa kuna mtu anayejua, na mimi nitalazimika kuuliza.

Jumatano, 3 Aprili

Amehamishwa wodi ya kawaida. Njeru alikuwepo asubuhi, mama mkwe alikuwepo mchana. Hakuna aliyemuuliza. Wanazungumza mvua, ng'ombe, bei ya kahawa. Kila mtu anazunguka lile jambo kama shimo.

Walipoondoka nikavuta kiti. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yote yalipotea. Nikasema, "Baba Wanja, ulikunywa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya mbali.

"Ninywe nini?"

"Dawa."

Sauti yake ni kama mchanga. "Ninywe nini, na nilikuwa nimebakisha makadamia?"

Nikauliza habari ya chupa tupu. Akasema mara ya kwanza alipima vizuri na wadudu wakarudi, kwa hivyo mara hii alimwaga yote. Alitaka kumaliza kabla sijarudi. Bomba lilikuwa linavuja, alilisikia baridi mgongoni, akafurahi kwa sababu jua lilikuwa kali.

Nikainuka nikaenda chooni. Nililia nimeng'ata kanga. Kisha nikanawa, nikarudi, nikamgeuza upande mwingine kama nesi alivyonifundisha.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwambia Njeru. Nyaga mwenyewe amemwambia pia. Njeru amesikiliza, ameitikia kwa kichwa. Amesema ni vizuri. Nje, kwenye ngazi, amemwambia Wanja kwamba baba yake ni mwanamume, hawezi kuaibisha nyumba yake kwa kusema ukweli.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Ukoo utaamini alikunywa na ananifichia aibu. Siwezi kubadilisha hilo. Nimeacha kujaribu tangu leo.

Jumatatu, 15 Aprili

Tuko nyumbani. Ametembea kutoka barabarani kwa fimbo na bega langu. Majirani walisimama kando ya ua wakasalimia kwa upole mwingi kupita kiasi.

Hakuangalia kitalu. Ameingia ndani moja kwa moja.

Jumamosi, 20 Aprili

Karimi amepiga. Kikundi kimepata miche kwingine, kule Imenti. Alisema wamama wamesikitika na wananiombea. Yule mwenye mtoto wa kifua alitoka nje ya mkutano.

Karimi hana hasira tena. Nadhani hilo ni baya zaidi. Ameniuliza habari za mama mkwe, habari za ng'ombe. Anaongea nami kama mtu wa mbali wa familia.

Jumatano, 24 Aprili

Vidole vya Nyaga. Kikombe kimemdondoka mara mbili. Alidhani ni udhaifu wa kitanda. Leo amejaribu kufunga kifungo cha shati, ameshindwa, amejaribu tena, ameng'oa kifungo.

Nimemrudisha Embu kwa yule daktari kijana. Amemgonga magoti kwa kinyundo, amemdunga vidole kwa pini akiwa amefumba macho. Nyaga hakujua amedungwa. Daktari amesema hutokea, wiki kadhaa baadaye, mishipa ya fahamu. Mikono na miguu. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Itachukua miezi, na hakuna dawa yake.

Nyaga amecheka. Ameuliza, "Kweli hakuna dawa?" Amecheka peke yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua imefika. Usiku kucha juu ya mabati. Miche inang'aa. Mvua imeosha utitiri wenyewe, wote, kwa usiku mmoja. Kama tungengoja. Kama ingekuja mapema. Sitaki kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 2 Mei

Mnunuzi amekuja, mtu wa huko chini Mbeere mwenye lori. Hospitali inataka pesa zake, na siwezi kuweka miche isiyo na mwenyewe. Nimemwambia kabla hajashuka: imepuliziwa, mara mbili, na mara ya pili kwa kipimo kibaya. Nilitaka asikie vizuri.

Amesema ndiyo miche anayotaka. Amesema ile ya kuchungwachungwa bila dawa humfia.

Wamepakia asubuhi yote. Miche niliyoiunganisha mwenyewe, kila mmoja na utepe wake. Sikusaidia kupakia. Nyaga alikuwa dirishani. Lori lilipokwama kwenye tope la geti alisema kwa sauti, kama anamwelekeza dereva, "Rudi nyuma kwanza. Rudi. Sasa kata kushoto." Dereva hakumsikia. Alikata kulia, akatoka.

Ijumaa, 10 Mei

Mistari mitupu. Udongo una alama za mifuko. Magugu yameshaanza.

Watu wananiuliza kama nitaendelea. Mama mkwe ameuliza kwa niaba ya Njeru kama kile kipande hakiwezi kupandwa nyanya. Nimesema nitafikiria. Sifikirii. Naamka, nakamua, namvisha Nyaga, namlisha, nalala. Nina hasira asubuhi, na kufikia jioni imeisha, na kesho yake iko tena. Alinidanganya. Aliharibu kazi yangu yote. Alikuwa ananifanyia mimi. Vyote vitatu ni kweli na haviachani.

Ameniuliza jana kama nitarudi kwetu Meru. Nilikuwa nakoroga ugali. Nikasema, "Kula kwanza." Akala.

Jumapili, 19 Mei

Mvua tangu alfajiri. Hatukwenda kanisani. Njia ni tope na fimbo yake inazama.

Kumetulia. Ng'ombe wanacheua. Nimeweka kiti chake karibu na mlango apate mwanga, nikaketi kwenye kigoda, nikamkata kucha. Zilikuwa zimekuwa ndefu na yeye hawezi kushika wembe. Nilianza na mkono wa kushoto. Kucha zake ni ngumu, za mtu wa kazi. Hakuna tulichosema. Alikuwa anatazama nje, mvua inavyopiga mahali palipokuwa na pasheni.

Nikamaliza mkono wa kulia. Nikaweka wembe chini.

Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, kama nimemaliza. Hakuwa anasikia kitu kwenye vidole. Nilikuwa nimeshika mkono tu.

Nikamwambia bado.